Didake, Herma, Ignasi, Tomaso au Injili ya Yakobo: uanze na kipi?

Siku hizi ukikaa na Wakristo hapa Mombasa, haupiti muda kabla mtu hajauliza habari ya "vitabu vilivyotolewa kwa Biblia". Mmoja ametumiwa klipu kwa WhatsApp, mwengine alisimama kwa mhadhara akasikia Injili ya Barnaba ikisomwa na akakosa la kujibu, mwengine ni kiu tu, ashasoma Matendo ya Mitume mpaka mwisho pale Paulo yuko Roma kwa nyumba ya kupanga na ataka kujua, sasa hawa watu waliendelea vipi? Wote wanafika kwa swali moja, nianze na kipi, manake ukiingia intaneti wakuta orodha ndefu na kila kimoja chaitwa siri.

Mie naona shida kubwa ni kuvitia vyote kapu moja. Kuna vilivyobaki nje ya Biblia huku vinapendwa na kufundishiwa waumini wapya, na kuna vilivyobaki nje kwa sababu viongozi wa Kanisa walivikataa waziwazi, na ukivisoma vyote kwa jicho moja utavionea vyote.

Kwanza tusafishe njia. Tobiti, Yudithi, Hekima, Yoshua bin Sira na Makabayo sivyo ninavyozungumzia hapa, hivyo ni vitabu vya Wayahudi na viko kwa Biblia ya Wakatoliki yenye vitabu 73, ila haviko kwa ile ya Waprotestanti yenye 66. Na ile hadithi ya kwamba maaskofu walikaa Nikea mwaka 325 wakapiga kura kitabu gani kiingie na gani kitoke, haina msingi. Nikea walikutana hasa kwa ajili ya mafundisho ya padri Ario, aliyesema Mwana wa Mungu aliumbwa, na kanuni 20 walizotoa hazina orodha ya vitabu. Orodha ya zamani tunayoijua yenye vile vile vitabu 27 vya Agano Jipya, bila kuzidi wala kupungua, ni ya Athanasi, askofu wa Aleksandria hapo Misri, kwa barua yake ya Pasaka ya mwaka 367, halafu mitaguso, yaani mikutano ya maaskofu, ya Hippo 393 na Karthago 397 ikafuata, na yote hiyo ilikuwa Afrika Kaskazini. Sasa ajabu ni kwamba kwa barua ile ile Athanasi anataja vitabu viwili ambavyo nitavileta hapa, Didake na Mchungaji wa Herma, asema haviko kwa orodha lakini vinafaa kusomewa watu wanaoingia imani mara ya kwanza. Kwa hivyo hakuna aliyevificha, walivisoma na kuvisomesha.

Nimechagua vitano, na kila kimoja nitakiuliza maswali yale yale. Ni cha lini na kiliandikiwa nani? Wakristo wa kale walikipokeaje? Ni rahisi kusoma au kitakuchosha? Utapata nini ambacho Biblia haikukupa kwa urefu? Wapi uangalie usije ukateleza? Halafu nitasema kinamfaa nani.

DIDAKE

Jina lake refu ni Mafundisho ya Mitume Kumi na Wawili. Wataalamu wengi wanakiweka mwisho wa karne ya kwanza au mwanzo wa ya pili, yaani kuna watu walikisoma ambao babu zao wangeweza kuwaona mitume. Kilijulikana kwa jina tu karne nyingi mpaka mwaka 1873 askofu mmoja Mgiriki, Philotheos Bryennios, alipokikuta Konstantinopoli ndani ya kitabu kilichonakiliwa 1056, akakichapisha 1883.

Kwa usomaji hakuna kilicho chepesi zaidi ya hiki. Sura 16 fupi fupi, urefu wake wakaribia Wagalatia, wakimaliza kabla hujavuka feri ya Likoni siku ya foleni. Kinaanza kwa kusema kuna njia mbili, ya uzima na ya mauti, na tofauti ya njia hizo ni kubwa, halafu kinaingia kwa mambo ya kila siku ya kanisa: namna ya kubatiza, namna ya kufunga, sala ya Bwana mara tatu kwa siku, maneno ya kushukuru juu ya kikombe na mkate. Kwa ubatizo chasema tumia maji yanayotembea, ukikosa tumia mengine, ukikosa ya baridi tumia ya moto, na kama huna ya kutosha mwagia kichwani mara tatu. Wale wanaogombana kila siku kuzamisha au kunyunyiza wasome hapo taratibu, waone watu wa zamani hizo walivyopanga na wakaacha nafasi.

Lakini kinachonishika mimi ni habari ya manabii wanaosafiri. Mtume akija mpokeeni kama Bwana, akae siku moja, na ikilazimu ya pili, akikaa tatu huyo ni nabii wa uongo. Akiondoka apewe mkate wa kumfikisha anapolala, akiomba pesa ni nabii wa uongo. Akisema kwa Roho kwamba andalieni meza, halafu akala mwenyewe, ni wa uongo. Anayefundisha kweli na hafanyi anayofundisha, wa uongo. Na msafiri wa kawaida akitaka kukaa baada ya siku mbili tatu, afanye kazi, kama ana ufundi autumie. Ni ile ile yetu, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi wa Pwani ambao mwaka 2023 tuliona Shakahola, miili zaidi ya mia nne ikifukuliwa msituni hapo Kilifi tu, watu waliofunga kula mpaka kufa kwa mafundisho, hatuwezi kuisoma sura ya 11 haraka haraka. Na angalia kufunga kwenyewe Didake yasema ni Jumatano na Ijumaa, siku mbili za wiki, halafu watu wanakula na kuishi.

Uangalie wapi? Si kitabu cha kukueleza Yesu ni nani, hakina habari za maisha yake, hakina msalaba kwa urefu, ni mwongozo wa kanisa. Mtu asiyejua Injili atakiona ni sheria tupu. Kinamfaa anayejiandaa kwa ubatizo, wazee wa kanisa, vikundi vya jumuiya, na yeyote aliyechoka kutozwa pesa ya maombi.

MCHUNGAJI WA HERMA

Hiki kiliandikwa Roma karne ya pili. Orodha moja ya zamani inayoitwa ya Muratori yasema mwandishi alikuwa ndugu wa Pio, askofu wa Roma. Herma mwenyewe anasema alikuwa mtumwa aliyeuzwa kwa mwanamke aitwaye Roda. Kilipendwa sana sana. Irenei, askofu wa karne ya pili, alikitaja kama Andiko, na ile Biblia kubwa ya karne ya nne, Codex Sinaiticus, ina Herma mwishoni pamoja na Waraka wa Barnaba. Tertuliano naye, mwandishi Mkristo wa Karthago, alipokuwa mkali siku zake za mwisho, alikiita mchungaji wa wazinzi, kwa sababu kinawapa nafasi ya kutubu watu walioanguka baada ya kubatizwa. Ile orodha ya Muratori iko katikati, yasema kisomwe, ila si hadharani kanisani.

Kusoma ni kazi, sitakudanganya. Ni kirefu kuliko kitabu chochote cha Agano Jipya: maono 5, amri 12, mifano 10, na mwandishi anarudia rudia. Ukianza mwanzo ukitaka kufika mwisho kwa wiki moja utakiacha. Njia nzuri ni kuchukua vipande. Chukua ono la tatu, mnara unajengwa juu ya maji, na mawe yanaletwa, mengine yanaingia sawa sawa hata kiungo hakionekani, mengine yana nyufa, na kuna mawe meupe ya duara, mazuri kabisa, lakini hayakai ukutani. Herma anauliza ni akina nani hawa, anaambiwa ni watu wenye imani ila wana mali, na jiwe la duara haliwezi kuingia kwa jengo mpaka lichongwe. Halafu chukua mfano wa pili, mzabibu unaopanda juu ya mti usiozaa. Mti ni tajiri, mzabibu ni maskini, mzabibu ukilala chini utaoza na mti peke yake hauna tunda, kwa hivyo tajiri ambebe maskini kwa mali na maskini ambebe tajiri kwa sala. Nasoma huo nikifikiria Nyali na ng'ambo yake ya pili, ukivuka daraja la Nyali umebadilisha dunia, na wote Jumapili wanasema Baba Yetu. Amri ya tano nayo ni ya hasira, anasema ukitia pakanga kidogo, ule mmea mchungu, kwa mtungi wa asali, asali yote imeharibika, na ndivyo uchungu unavyomharibia mtu subira yake.

Tahadhari: anapoeleza Mwana na Roho Mtakatifu, hasa mfano wa tano, maneno yake hayako wazi na usijenge fundisho hapo. Na habari ya kutubu mara moja tu baada ya ubatizo inaweza kumtia hofu mtu mwenye dhamiri nyepesi. Kinamfaa anayerudi kanisani baada ya kuanguka, akisoma pamoja na mtu mzima wa imani, na kinafaa sana wahubiri wanaotafuta mifano ambayo watu hawajaizoea.

BARUA ZA IGNASI WA ANTIOKIA

Ni barua saba, za mwanzo wa karne ya pili. Ignasi alikuwa askofu wa Antiokia ya Siria, akakamatwa, akapelekwa Roma auawe na wanyama, na njiani akaandika: kwa Waefeso, Wamagnesia, Watralle, Waroma, Wafiladelfia, Wasmirna, na moja kwa Polikarpo, askofu wa Smirna. Kanisa la kale lilimheshimu bila ubishi, ila barua zake hazikutiwa kwa Biblia kwa vile mwenyewe hakuwa mtume na hakudai kuwa mtume.

Ni fupi na zina joto la mtu anayejua atakufa. Anasema amefungwa na chui kumi, yaani askari wanaomlinda, na kila wakifanyiwa wema wanazidi ubaya. Kwa Waroma anawaomba wasimtafutie njia ya kumwokoa, "mimi ni ngano ya Mungu", anataka asagwe na meno ya wanyama awe mkate safi. Hapo mtu apumzike kidogo. Mkatoliki wa Mombasa aliyesikia habari za mashahidi wa 1631, waliouawa sultani Yusuf bin Hasan alipoiteka Ngome ya Yesu, anajua swali hili la kufa kwa imani si la Roma peke yake, na ni swali la kusoma kwa upole kwa sababu tunaishi nyumba moja na majirani wa dini nyengine.

Utapata pia namna walivyojibu waliosema Yesu alionekana tu kama anateseka. Ignasi anasisitiza alizaliwa kweli, akala, akanywa, akasulubiwa kweli. Na kwa barua ya Wasmirna ndiko tunakoona kwa mara ya kwanza maneno "Kanisa katoliki".

Ujihadhari na mambo mawili. Barua hizi ziko za aina ndefu na fupi, ile ndefu imeongezwa maneno na watu wa baadaye, na makusanyo mengine ya zamani yanachapisha zote bega kwa bega, basi wewe soma ile fupi. La pili, anasisitiza mno askofu, msifanye lolote bila askofu, na mtu wa kanisa lisilo na maaskofu litamkwama. Aelewe tu kwamba Ignasi aliona makanisa yakipasuka. Lakini pia kiongozi asizitumie kufunga watu mdomo, manake askofu huyu alikuwa kwa minyororo na hakuwa kwa kiti. Zinamfaa anayepita kwa shida, mgonjwa, anayependa historia ya Kanisa, na Mkatoliki, Mwangilikana au Mwothodoksi anayetaka kujua uongozi wao ulitoka wapi.

INJILI YA TOMASO

Hii ndiyo maarufu kwa klipu. Iligunduliwa nzima 1945 karibu na Nag Hammadi, Misri, kwa lugha ya Kikopti, ingawa vipande vya Kigiriki vilishapatikana Oxyrhynchus, Misri hiyo hiyo, mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa ya 20. Lini hasa iliandikwa ni ugomvi mkubwa wa wasomi, wako wanaoivuta mpaka karne ya kwanza, wengi wanaiweka ya pili. Kwa Kanisa la kale haikupata nafasi, Kirilo, askofu wa Yerusalemu karne ya nne, aliwakataza watu wake kuisoma.

Ni semi 114 tu, hakuna kuzaliwa, hakuna miujiza, hakuna msalaba wala kaburi tupu. Inasomeka haraka na inaeleweka polepole. Nusu yake hivi utaona ni maneno unayoyajua, mbegu ya haradali, mpanzi, mtoeni boriti jichoni. Nyengine ni mpya na nzuri, kama ule usemi wa 97: ufalme unafanana na mwanamke aliyebeba mtungi wa unga akisafiri mbali, mkono wa mtungi ukavunjika, unga ukawa unamwagika nyuma yake njiani, asijue, kufika nyumbani akautua akakuta ni mtupu. Mfano huu hauko Mathayo wala Luka na mie naupenda, unakaa na wewe siku nzima. Nyengine ni ngumu na zinaumiza, wa mwisho kabisa, wa 114, wasema Mariamu afanywe mwanamume ndipo aingie, na sioni sababu ya kuutetea.

Tahadhari ni kubwa hapa: mwanzo unasema haya ni maneno ya siri, na atakayeyafahamu hataonja mauti, kwa hivyo wokovu unakuwa wa mwenye kufumbua fumbo. Hilo ni tofauti na Injili nne ambazo zinakupeleka msalabani. Ukiisoma bila kuzijua zile nne hutaona kilichokosekana. Halafu usiichanganye na Injili ya Utoto ya Tomaso, ile yenye mtoto Yesu anayefinyanga ndege wa udongo wakaruka, hicho ni kitabu chengine kabisa. Inamfaa mwanafunzi wa teolojia, msomaji aliyekomaa, na mzazi ambaye mwanawe wa chuo ameshaisoma na anamuuliza maswali.

INJILI YA YAKOBO

Ya katikati ya karne ya pili. Yasimulia Mariamu alivyozaliwa: wazazi wake Yohakimu na Anna, walivyohuzunika kwa kukosa mtoto, Mariamu akapelekwa hekaluni ana miaka mitatu, Yosefu akiwa mjane mwenye watoto akachaguliwa kwa fimbo, na Yesu akazaliwa pangoni. Origene, mwalimu wa Kanisa wa karne ya tatu, aliijua, na orodha za baadaye za Magharibi ziliikataa, lakini hadithi zake zilikataa kutoka, sikukuu ya Yohakimu na Anna tarehe 26 Julai chanzo cha majina hayo ni hapa.

Ni rahisi, ni hadithi, hata bibi yako utamsomea. Kuna pale Anna amekaa chini ya mti bustanini, akaona kiota cha shomoro, akalia kwamba hata ndege wa angani wanazaa, hata maji yanazaa, yeye je? Mwanamke aliyesemwa na mawifi kwa kukosa mtoto hahitaji kufafanuliwa. Na usiku wa kuzaliwa Yesu, Yosefu anaona kila kitu kimesimama: vibarua mkono ndani ya bakuli hawapandishi, mchungaji ameinua fimbo na mkono umebaki juu, mbuzi mdomo kwa maji na hawanywi. Kwa Mombasa kuna faida nyengine, jirani yako Mwislamu anajua kwamba Zakaria alimlea Bi Maryam na kura zilipigwa, yako kwa sura ya Al Imran, na habari zinazofanana na hizo utazikuta hapa. Mnaweza kuzungumza jambo zuri bila kushindana.

Uangalie usiichukue kama historia. Mwandishi si Yakobo, na mambo ya hekalu hayafanani na desturi za Wayahudi tunazozijua, mtoto wa kike hangelelewa ndani ya patakatifu. Inamfaa anayempenda Bikira Maria, mwalimu wa Sunday school wakati wa Noeli, na mwenye huzuni ya uzazi. Mprotestanti naye anaweza kuisoma kama simulizi la kale, halimlazimishi kitu.

NA INJILI YA BARNABA?

Sikuiweka kwa ulinganisho kwa sababu si ya zama hizo. Nakala zake zinazojulikana ni ya Kiitaliano iliyoko Vienna na ya Kihispania, na ndani inataja yubile ya kila miaka mia, jambo lililoanza Roma mwaka 1300. Tafsiri yake ya Kiingereza ilichapishwa 1907. Wako hata wasomi wa Kiislamu wasioitegemea. Ukiulizwa habari zake jibu hivyo kwa adabu, na ujue kwamba Waraka wa Barnaba ule wa kale ni kitu chengine.

SASA WEWE CHUKUA KIPI

Kama hujasoma Injili nne mpaka mwisho, zimalize kwanza, hivi vinangoja. Wa kubatizwa karibuni, Didake. Kanisa lenu lina nabii anayeuza maji au mafuta, Didake sura ya 11 mpaka ya 13, na msome mkiwa kikundi, usiende peke yako kumkabili. Umeanguka na waona aibu kurudi, Herma, anza na mfano wa pili na amri ya tano uache mengine. Uko hospitali au una mgonjwa, Ignasi kwa Waroma na kwa Polikarpo. Mwenzio ni Mwislamu na mnaelewana, Injili ya Yakobo. Umetikiswa na klipu za Tomaso, basi isome yenyewe na Marko ukiwa umemfungua pembeni, kila usemi utafute kama uko na umebadilika vipi, usisikilize wa klipu.

Vinne kati ya hivi vina tafsiri za Kiingereza za zamani za wasomi Waingereza kina Lightfoot na M. R. James ambazo ziko bure intaneti, Kiingereza chake ni kizito kidogo, na Tomaso ina za karibuni. Kikundi cha watu wasiozoea Kiingereza, mmoja asome usiku aje awasimulie wenzake kwa Kiswahili, Didake inafaa hivyo, Yakobo inafaa zaidi, Herma kwa vipande, Tomaso usijaribu.